Komeo la Nje

Komeo lilikuwa upande wa nje wa mlango.

Inspekta Halimah Nambozo alilisukuma kwa kidole kimoja, likateleza bila kelele. Chuma chenyewe kilikuwa cha zamani, cha enzi za Mwingereza aliyeijenga nyumba hii alipokuwa meneja wa kinu cha pamba, lakini kilikuwa kimepakwa mafuta karibuni. Aliingia ndani. Kulikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, gauni moja juu ya msumari, na dirisha dogo la nondo ambalo mtu mzima asingeweza kupitisha bega. Aliurudisha mlango, akapapasa upande wa ndani akitafuta kitasa, ndoano, kitu chochote cha kufungia. Mbao tupu.

Alitoka nje haraka kuliko alivyokusudia.

Mama Rekha alikuwa amesimama uani akimsubiri, amejifunika sari nyeupe ya msiba mpaka kichwani. Mkwewe, Kavita, alikuwa amekutwa Jumamosi asubuhi chini ya ngazi za jikoni, amekufa. Bangili zake za dhahabu hazikuwepo mikononi, na mfanyakazi wa ndani, msichana aliyeitwa Naigaga, hakuwepo chumbani. Kwa mkuu wa Nambozo, Afande Isabirye, hesabu ilikuwa imeshajumlishwa. Msichana aliiba, bibi akamfuma, akasukumwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kumkamata Naigaga, na familia ilitaka kuuchoma mwili kesho yake.

"Huyu msichana nani humfungia, mama?" Nambozo aliuliza.

"Mimi. Kila jioni."

"Kwa nini?"

Kiswahili cha Mama Rekha kilikuwa cha jikoni, cha lete na toa na pika. Alikuwa amekitumia tangu alipoolewa na hakikuwahi kuhitajika kueleza jambo. Sasa alikitafuta neno kwa neno.

"Hii nyumba iko hivyo. Mama ya bwana yangu nafunga. Mimi nafunga. Msichana nakimbia, naleta mwanamume, naiba. Wewe naona mwenyewe."

"Na Jumamosi asubuhi ulimfungulia saa ngapi?"

"Jumamosi sisi naenda mandir mapema, nasali. Bwana yangu Mzee Dhirajlal, mtoto yangu Mehul, mimi. Kavita nasema kichwa nauma, nabaki." Alisita. "Mimi nasahau kufungua."

"Ulisahau kumfungulia?"

"Ndiyo."

"Basi alitokaje?"

Mama Rekha aliutazama mlango kana kwamba hajawahi kuuona. Kisha akatazama juu, kwenye dirisha la ghorofani, ambako pazia lilikuwa limetikisika kidogo. "Mimi hapana jua," alisema, akaondoka kuelekea jikoni, na kandambili zake hazikutoa sauti.

Nambozo alibaki peke yake. Hatua chache kutoka kwenye chumba cha Naigaga kulikuwa na bomba la maji, na juu ya ukingo wake kipande cha sabuni ya mche, ile ya buluu ya kufulia. Kando yake palikuwa na sabuni nyingine, ndogo, ya rangi ya kahawia, iliyokauka na povu lake. Aliinusa. Msandali.

Harufu hiyo alikuwa ameikuta jana katika chumba cha maiti, alipoinua mkono wa Kavita. Vifundo vya mikono vilikuwa na mduara mweupe mahali bangili zilipokaa tangu harusi. Nambozo mwenyewe alikuwa amevaa bangili za shangazi yake kwa miaka, na alijua kwamba haziwezi kuvuka kiganja kikavu bila kung'oa ngozi. Mwizi angeacha damu. Kwenye mikono ya Kavita hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kavita alishuka na sabuni yake ya kuogea, akafika kwenye bomba la watumishi, akazivua bangili mwenyewe, polepole, kwa povu.

Ukishajua hilo, wizi hakuna.

Alizifungua tena picha za eneo la tukio kwenye simu yake. Kavita alikuwa amelala chali, kichwa kikielekea uani, miguu ikiwa bado juu ya ngazi ya mwisho. Mtu anayeshuka akiteleza, miguu hutangulia na kichwa hubaki nyuma, kwenye ngazi. Huyu alianguka kinyume. Alikuwa amesimama juu, mlangoni pa jikoni, mgongo wake ukiwa uani na uso wake ukiwa ndani ya nyumba. Alikuwa amemkabili mtu aliyetaka kutoka.

Naigaga alikuwa huku chini. Aliyemsukuma Kavita alikuwa ndani.

Getini, askari wa zamu alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Aloysius, bunduki yake imefungwa kwa kamba mahali pa mkanda. Alisimama wima alipomwona.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa, afande."

"Familia ilipoondoka, nani aliingia?"

"Hakuna mtu aliingia, afande."

"Hata wa maziwa? Hata wa gazeti?"

"Hakuna."

"Mkubwa wako wa ulinzi je?"

"Kapteni?" Aloysius alishangaa kwa dhati. "Kapteni si mtu wa kuingia, afande. Kapteni ni wa hapa."

Kisha akaelewa alichosema. Nambozo alimuaga. Hakumwuliza zaidi. Alijua kwamba swali moja la ziada lingemfanya mzee huyo akane hata jina lake.

Mehul, mume wa Kavita, alimfuata mpaka kwenye gari. Alikuwa kijana mwembamba, hajanyoa, na alizungumza akitazama nyuma mara kwa mara.

"Inspekta, usimwulize baba yangu habari za Kapteni."

"Kwa nini?"

"Babu alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, na nyumba hii ikachukuliwa. Baba aliporudi kutoka Uingereza kuidai, watu waliopewa mali hawakutaka kutoka. Kapteni ndiye aliyewatoa, yeye na vijana wake. Kiwanda cha mabati vilevile. Tangu siku hiyo anakuja anapotaka, anakaa anapotaka. Watu wanasema sisi Wahindi ndio wenye mji." Alicheka bila furaha. "Sisi hatuwezi hata kumwambia mlinzi wetu aende nyumbani."

"Mkeo alimwogopa?"

"Kavita alizaliwa Kisumu. Alikuwa hajui kuogopa vizuri." Macho yake yalijaa. "Aliniambia jambo, wiki iliyopita. Juu ya Kapteni na yule msichana. Nilimwambia anyamaze."

Sauti ya Mzee Dhirajlal ilimwita kwa Kigujarati kutoka barazani. Mehul akageuka, akaenda.

*

Siku iliyofuata, wakati moshi wa Kavita ulipokuwa unapanda mahali pa kuchomea maiti, Nambozo alikuwa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kando ya barabara kuu ya Iganga, akizungumza na mwendesha boda boda aliyeitwa Waiswa. Ndiye aliyekuwa anatafutwa kama mshirika wa wizi. Alikuwa anatetemeka hata kabla hajaulizwa.

"Nilimbeba tu, afande. Nilimkuta anakimbia bila viatu. Nikajua ni mgonjwa."

"Ukampeleka wapi?"

"Hapa stendi. Akapanda gari la Mbale. Aliwahi kufanya kazi huko, mtaa wa Nkoma, kwa mwalimu mmoja mwanamke. Alisema anaenda huko."

"Alisema nini kingine?"

"Hakuna. Alikuwa analia na kumwita Mungu. Njia yote. Mukama, Mukama, Mukama. Nilimwambia dada, tulia, Mungu amesikia. Lakini hakutulia. Alizidi."

Nambozo alimpigia mkuu wake kutoka pale pale, kama utaratibu ulivyotaka. "Yuko Nkoma, afande, kwa bosi wake wa zamani. Nitakwenda kesho asubuhi."

"Vizuri sana," alisema Isabirye. "Nijulishe kila unapofika."

*

Barabara ya Tirinyi ilikuwa tupu asubuhi hiyo, mpunga ukiwa umesimama majini pande zote mbili. Nambozo aliingia Mbale jua likiwa limeshaugusa mlima Wanale, akapandisha Nkoma, akaegesha mbele ya nyumba ya mwalimu.

Mwalimu hakufungua mlango. Aliongea kupitia dirishani.

"Nimeshawaambia wenzako hayupo."

"Wenzangu gani, mwalimu?"

"Waliokuja alfajiri. Wanaume. Mmoja alikaa ndani ya gari, hakushuka. Wengine waliingia mpaka chini ya vitanda vya watoto wangu."

"Walijitambulisha?"

"Wanajitambulisha kwani?" Mwanamke huyo alishika nondo za dirisha. "Walisema kile Kiswahili chao cha kijeshi. 'Mama, unasema au husemi.' Nilikisikia nikiwa mtoto, siku walipomchukua baba yangu. Sikujua kwamba bado naweza kujikojolea, mtu mzima mimi."

Nambozo alimwonyesha kitambulisho chake, akamwomba radhi, akasubiri mpaka pumzi ya mwalimu iliporudi.

"Naigaga hakufika hapa," mwalimu alisema hatimaye. "Na hiyo ndiyo kweli. Lakini ana shangazi, mtaa wa Malukhu. Mume wake ni fundi cherehani, Bruhan. Wale hawakuniuliza habari za shangazi. Waliuliza kama watu wanaojua kila kitu tayari."

Nambozo alirudi garini na kukaa bila kuwasha. Neno Nkoma alikuwa amelitamka kwa mtu mmoja tu.

Simu ililia. Isabirye.

"Umempata?"

"Bado, afande."

"Usihangaike peke yako. Tajiri wetu, Mzee Dhirajlal, ametoa gari na vijana wakusaidie. Kapteni Mukama mwenyewe yuko huko Mbale. Ukimpata tu, mkabidhi."

Nambozo aliondoa simu sikioni, akaitazama. Tangu alipokabidhiwa kesi hii alikuwa amesikia watu wakisema Kapteni, Kapteni tu, kama vile mtu huyo hakupewa jina. Akamwona Naigaga nyuma ya pikipiki ya Waiswa, bila viatu, akilia. Waiswa alidhani anasali. Msichana alikuwa anamtaja mtu.

"Nambozo? Unanisikia?"

"Nakusikia, afande." Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ya kawaida kabisa, akashangaa. "Nimepata habari kwamba amepanda gari la Soroti. Nadhani nimfuate huko."

"Soroti. Vizuri. Nitawaambia."

Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumdanganya mkuu wake. Alifunga gari, akaliacha pale pale mbele ya nyumba kwa sababu walilijua, akatoka kwa mlango wa nyuma wa uani kwa mwalimu, akasimamisha boda boda ya kwanza.

*

Duka la Bruhan lilikuwa chumba kimoja kilichojaa magomesi, magauni ya kike ya sherehe, yaliyosubiri mikanda. Fundi mwenyewe, mwenye kofia ya kufuma, aliacha kukanyaga cherehani alipomwona mgeni.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam, mama. Karibu. Unashonesha?"

"Naitwa Halimah. Baba yangu alikuwa mwadhini pale chini sokoni. Mimi ni polisi, na nimekuja peke yangu. Kuna watu wanamtafuta mtoto wenu, na si polisi. Wakifika hapa, hamtaweza kuwazuia."

Bruhan alimtazama. Mkono wake ulikuwa juu ya mkasi.

"Sina mtoto aliyepotea," alisema.

"Mwambie kwamba najua alifunguliwa mlango na nani. Mwambie najua kuhusu sabuni."

Pazia la nyuma lilifunguka kabla Bruhan hajajibu. Msichana aliyesimama pale alikuwa mrefu, amevaa hijabu ya kuazima, na nyayo zake zilikuwa zimefungwa vitambaa.

"Alikwambia nani habari ya sabuni?" aliuliza. Kiswahili chake hakikuwa cha kwao Busoga. Kilikuwa laini, cha ng'ambo ya mpaka, cha Kisumu, na Nambozo akajua alikifundishwa na nani.

"Nimemwona Kavita," alisema. "Nimeiona mikono yake."

Naigaga alishika ukingo wa cherehani. Shangazi yake alitokea nyuma yake, akamkalisha, na msichana akaanza kusema, kwanza polepole, kisha bila kusimama.

"Yule mama akishafunga, Kapteni anafungua. Si kila siku. Hiyo ndiyo mbaya, kwamba si kila siku. Unalala unasikiliza. Nilimwambia yule mama. Akasema nyamaza, kula chakula chako. Nikakaa. Kavita alikuwa ananifundisha kusoma jikoni, wazee wakilala mchana. Siku moja akaniuliza kwa nini macho yangu yako hivi. Nikamwambia."

"Akafanya nini?"

"Akalia yeye. Akamwambia mumewe. Mumewe akasema baba atakosa kiwanda. Basi Kavita akaniambia, Jumamosi wakienda kusali nitaumwa kichwa. Akaja akanifungulia. Akatoa bangili pale bombani, zikagoma, akacheka, akasema nimenenepa kwa hawa watu. Akaniambia uza moja, nyingine mpe mama yako. Nikakataa. Akanivalisha kwa nguvu." Alikunja mkono wa gauni. Bangili zilikuwa zote pale. "Sijauza hata moja. Nitaziuzaje?"

"Kisha?"

"Tukasikia mtu ndani ya jikoni. Kavita akaniambia kaa nyuma ya tangi, akapanda ngazi. Akasimama mlangoni hivi." Naigaga alisimama, akatanua mikono yake akashika miimo ya mlango wa duka. "Kapteni akasema, toka njiani, mama. Kavita akasema, huku hupiti. Akasema tena toka. Kavita akasema, hii ni nyumba ya watu, wewe ni mlinzi, rudi getini. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumwambia hivyo. Akamsukuma kwa mkono mmoja tu. Kama unasukuma mlango."

Nje, mtu alipita akiuza mandazi.

"Nikasikia kichwa," Naigaga alisema. "Kapteni akashuka, akamtazama, akachota maji bombani akajipangusa damu shatini. Mimi niko nyuma ya tangi. Akaenda kwenye chumba changu, akakuta wazi. Akaita jina langu. Taratibu, kama unaita kuku. Kisha gari likapiga honi getini, wamerudi. Akaingia ndani. Mimi nikaruka ukuta."

Nambozo aliuliza maswali machache zaidi, yale yale kwa namna tofauti, na majibu hayakubadilika. Alikuwa anauliza na huku akihesabu njia. Jinja haiwezekani. Kituo chochote cha polisi, Isabirye angejua kabla ya chai. Palibaki mahali pamoja.

Gari lilipunguza mwendo nje. Bruhan alichungulia kati ya magomesi.

"Ni la kijivu," alisema kwa sauti ya chini. "Wanaume wanne. Wanauliza kwa muuza mandazi."

Uongo wa Soroti haukuwadanganya kwa muda mrefu. Shangazi alimshika Naigaga mkono, akamvuta nyuma. Bruhan aliketi kwenye cherehani yake na kuanza kushona kwa kasi, kitambaa kikipita chini ya sindano bila mshono wowote wa maana, na Nambozo alipopita mlango wa nyuma alisikia sauti ya kiume ikisema, "Wewe mzee. Unasema au husemi?"

*

Hakimu wa mahakama ya Mbale alimkumbuka. Nambozo alikuwa ametoa ushahidi mbele yake mara kadhaa, na mara moja kesi ilipotupwa kwa uzembe wa polisi, hakimu huyo, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwambia hadharani kwamba yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi. Aliwaingiza ofisini kwake, akafunga mlango, akamwapisha Naigaga, akaandika kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza aliweka kalamu chini.

"Namwamini," alisema. "Lakini huyu ni mshukiwa wa wizi na bangili ziko mkononi mwake. Wakili yeyote atamla. Nani mwingine alimwona huyo mwanamume ndani ya nyumba?"

"Askari wa geti. Hatasema."

"Mwingine?"

Nambozo alifikiri. Jana walimchoma Kavita. Leo asubuhi wanaume wa familia walikuwa wanapeleka majivu mtoni Nile. Wanawake hawaendi. Aliitoa simu yake, akaiweka mezani kati yao, akafungua spika, akapiga namba ya nyumbani kwa Mzee Dhirajlal.

Iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Nani?"

"Mama Rekha, ni Inspekta Nambozo. Wanaume wako mtoni, mama. Uko peke yako."

Walisikia pumzi tu, na mahali fulani ndani ya nyumba hiyo saa ya ukutani.

"Naigaga yuko nami," Nambozo alisema. "Hajambo. Amesema ulipiga kelele ulipomwona Kavita, ukakaa chini ukamweka kichwa mapajani. Aliwaona akiwa juu ya ukuta."

Naigaga alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amesema hivyo. Hakimu alimtazama pia, lakini hakumkatiza.

"Mimi naweka," ilisema sauti, ikivunjika. "Ndiyo. Hapa, miguu yangu. Sari yangu yote iko damu."

"Na nani mwingine alikuwepo mlipofika?"



"Gari naingia, Kapteni natoka jikoni. Shati yake iko maji, hapa, kifua. Mimi naona. Mehul naona. Mzee naona. Kapteni nasema, bibi ameanguka, msichana ameiba. Mzee nasema, ndiyo, msichana ameiba. Sisi yote nasema ndiyo."

"Utayasema haya mbele ya hakimu, mama?"

"Wewe hapana jua. Yeye nakuja hapa kila siku. Nakaa kiti ya bwana yangu." Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Msichana naambia mimi. Mimi nasema nyamaza. Kavita hapana nyamaza. Kavita nakufa kwa sababu mimi nanyamaza."

Kisha Mama Rekha alisema, kwa ile sauti yake ya kuamrisha jikoni, "Tuma gari. Si gari ya hapa. Tuma sasa, kabla wanaume narudi."

Simu ikakatika. Hakimu alikuwa ameshachukua kalamu. "Nitamtuma mtu wangu wa mahakama," alisema. "Na wewe unayo sababu ya kumkamata huyo bwana. Unayo tangu sasa."

"Nitampata wapi?"

Hakimu alinyoosha kidevu kuelekea dirisha la ukumbini.

Kapteni Mukama alikuwa ameketi kwenye benchi la mashahidi, suti ya kaunda imenyooshwa vizuri, kofia juu ya goti. Hapa mahakamani pia walikuwepo waliomjua na kumpa habari. Nambozo alipotoka, alisimama kwa heshima kama mtu anayempisha mwanamke.

"Inspekta. Umechoka, mama. Nikabidhi huyo msichana, nimpeleke mimi. Mkuu wako anajua."

Nambozo alisimama pale pale. "Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi, Kapteni?"

"Kampala."

"Mama Rekha anasema ulitoka jikoni kwake, shati lako limelowa."

Hakubadilika uso, ila vidole vyake viliacha kuizungusha kofia. Nambozo alimgeukia konstebo wa mahakama, kijana mkubwa aliyeitwa Muzafaru, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Konstebo, mfunge pingu. Kwa kosa la kumwua Kavita, mke wa Mehul."

Muzafaru hakusogea. "Afande," alisema, na haikujulikana anamwambia nani kati yao.

Nambozo alimwendea, akachomoa pingu kwenye mkanda wake, akarudi. Alikifunga kifundo cha kwanza. Mkono wa pili Mukama aliuficha nyuma, akitabasamu, na Nambozo hakuwa na nguvu za kuuvuta. Wakakaa hivyo, ukumbi mzima ukitazama. Kisha mkono mkubwa wa Muzafaru ukapita juu ya bega la Nambozo, ukaushika mkono wa Kapteni, ukauleta mbele.

"Samahani, afande," alisema kijana huyo, akimtazama Nambozo. Safari hii ilijulikana anamwambia nani.

Mukama aliinama kidogo, mdomo wake karibu na sikio la Nambozo. "Bugembe, nyuma ya msikiti," alisema kwa upole. "Binti yako akitoka shule hupenda kusimama kwa muuza chapati."

Walipomwondoa, Nambozo alipiga simu nyumbani.

"Mama, nenda kamchukue mtoto shuleni."

"Sasa? Kuna nini?"

"Nenda tu, mama. Usipite barabarani. Usirudi nyumbani. Mkifika mahali penye watu, nipigie."

Aliketi kwenye lile benchi, simu juu ya mapaja. Naigaga alitoka ofisini kwa hakimu, akachechemea, akaketi kando yake bila kuuliza. Watu walipita wakiwa na mafaili. Nambozo alimfikiria Bruhan na cherehani yake, na hakuwa na namba ya kumpigia.

Simu ililia.

"Niko naye," mama yake alisema, akihema. "Tuko kwa imamu, pamoja na wanawake wa darasa la dini. Analia kwa sababu nimemvuta mkono. Halimah, tukae hapa mpaka lini?"

Kupitia dirishani Nambozo aliliona gari la kupeleka mahabusu uani. Mukama alikuwa amepanda nyuma, mikono yake mbele, na askari mmoja asiyemfahamu alikuwa ameinama akimshikia simu sikioni. Kapteni alikuwa anazungumza bila haraka.

"Halimah? Mpaka lini?"

"Sijui, mama," alisema. "Msitoke hapo."